Baba Akifika Kwao: Kisa cha Krismasi Moja Rombo

Kwa desturi yetu, kazi ya msimamizi wa ndoa haiishii ukumbini siku keki inapokatwa. Vijana wakigombana wakashindwa kuelewana, mlango wa kwanza kugongwa ni wa msimamizi, kabla ya wazazi na kabla ya paroko. Wanandoa ninaowaandika hapa mimi na mume wangu ndio tuliosimamia ndoa yao, na Januari ya 2024 walitugongea. Wameniruhusu kueleza kisa chao mradi nisiwataje majina, na mambo mawili matatu ambayo yangewatambulisha nimeyabadilisha.

Mume ni Mchagga wa Rombo, mke ni Mngoni wa Songea. Wote wameajiriwa, wanaishi Dar es Salaam upande wa Kimara, nyumba ya kupanga ya vyumba viwili na sebule. Wakati huo watoto walikuwa watatu: mvulana wa miaka sita aliyekuwa anaanza darasa la kwanza Januari, msichana wa miaka mitatu, na mdogo wa kiume wa miezi tisa. Nyumbani yupo dada wa kazi, msichana mchapakazi kutoka Singida, naye kama mtu mwingine yeyote huomba ruhusa ya kwenda kwao Desemba. Hilo la dada naomba msomaji alishike. Mama wa watoto wadogo hupoteza msaidizi wake wiki ile ile anayoanza safari ndefu kuliko zote za mwaka.

Kwa asiyeijua Desemba ya Uchagani, niseme kidogo. Kuanzia katikati ya mwezi Dar hupungua watu, na barabara ya Chalinze, Segera, Korogwe, Same hadi Himo hujaa magari. LATRA, mamlaka ya usafiri wa nchi kavu, hulazimika kutoa vibali vya muda kwa magari ya njia nyingine ili abiria wafike. Huko mlimani ndiko kunakopangwa vikao vya ukoo, ubatizo, ndoa, ukarabati wa nyumba na wa makaburi ya wazee. Anayerudi huonekana kwamba yupo, anaheshimu kwao, hajapotelea mjini. Naipenda desturi hii na ningependa idumu. Lakini ukiitazama kwa makini utaona kila saa yake imepangwa kuwafaa watu wazima: saa ya nyama, saa ya mbege (pombe ya ndizi), saa ya kikao, saa ya misa. Mtoto wa miezi tisa hana saa yake humo. Anabebwa tu.

Walisafiri tarehe 22, Ijumaa, siku ambayo ni kama Dar nzima imeamua kuondoka. Saa kumi na moja alfajiri walikuwa kituo cha Magufuli pale Mbezi na mabegi matano, ndoo ya mafuta ya kupikia, mfuko wa mchele na kiroba cha zawadi. Viti walivyokata ni viwili kwa watu watano, mkubwa akabanwa katikati na wadogo wakapakatwa. Kutoka Dar hadi Mkuu, mji wa Rombo, ni zaidi ya kilomita 550, na siku ile foleni ilianza Kibaha. Kila mzazi aliyewahi kupanda basi na mtoto anayejifunza kuaga nepi anajua kinachofuata: msichana anasema "mama, mkojo" dakika kumi baada ya watu kutoka kuchimba dawa. Waliteremka Mkuu usiku, mdogo amelala vipande vipande mchana kutwa, mama hajala kitu cha maana tangu Korogwe. Mpaka hapo hapakuwa na ugomvi. Mume alikuwa akimbeba mdogo kila basi liliposimama, akimpunga upepo, akimtania mke ili acheke.

Nyumbani kwa bibi walikuwa wamekutana kaka wanne na wake zao na watoto wao. Babu alishafariki, bibi anaishi na mwanawe wa mwisho, kwa kuwa Uchagani mzaliwa wa mwisho ndiye anayebaki na nyumba ya wazazi. Vyumba havikutosha. Wake walilala na watoto, watatu kitanda kimoja, waume walilala walipopata. Mke wetu alipewa kitanda kwenye chumba kinachofunguka moja kwa moja sebuleni, na sebule ile ndiyo ilikuwa na televisheni, spika na wageni mpaka saa sita usiku.

Nilimwomba anieleze siku yake moja pale ilivyokwenda, bila kulalamika, aeleze tu. Anaamka saa kumi na moja kuwasha moto, kwa sababu wake za nyumba ndio wapishi na yeye ndiye mdogo kati yao kwa miaka ya ndoa. Mtoto yuko mgongoni kwa khanga, kwa kuwa akiwekwa chini kwenye ubaridi ule analia. Jiko ni la kuni. Moshi unamwingia mama machoni na mtoto kifuani. Ndizi zimenywe karai zima, maji yachotwe, chai ya watu ishirini ichemke, mtori uwahi. Anamnyonyesha akiwa kwenye kigoda huku mkono mmoja unakoroga. Saa nne msichana anataka kwenda chooni na choo kiko nje, nyuma ya zizi, anamwogopa ng'ombe. Mama anatua sufuria anampeleka. Mchana wanakuja wageni. Jioni wanakuja wengine. Saa mbili usiku, ambayo Kimara ndiyo saa ya watoto kulala, Rombo ndiyo saa nyama inapotoka motoni.

Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2019, linasema mtoto wa miezi minne hadi kumi na moja anahitaji saa 12 hadi 16 za usingizi kwa siku ukijumlisha na wa mchana, na wa miaka mitatu na minne saa 10 hadi 13. Mdogo wao hakufika hata tisa. Siku ya tatu akawa mtoto mwingine kabisa: analia akibebwa, analia akiwekwa, anakataa uji, ananyonya dakika mbili anaachia. Ndugu wakaanza kutoa maelezo. Mmoja akasema meno, mwingine baridi, shangazi mmoja akasema kwa sauti ya chini kwamba mtoto amepigwa jicho. Hakuna aliyesema kwamba hajalala.

Jioni ya tarehe 26 ndipo lilipotokea lile lililoleta kesi.

Watu walikuwa uani chini ya mparachichi, mbege inazunguka. Mdogo alikuwa amekohoa usiku kucha, na bibi, ambaye kwa kweli anawapenda wajukuu zake, alimpakata ndani ya khanga yake, akaagiza chupa ya asali kutoka kabatini. Akamimina kijiko kimoja. Mke alikuwa hatua chache pale, ameinama kwenye beseni la vyombo. Akasema, "Mama, asali hapana, kliniki walikataza." Bibi akajibu kwa upole, "Mwanangu, hiki ni kifua tu. Hawa wote unaowaona hapa wameramba asali hii hii." Watu wakacheka. Mume naye akacheka. Kijiko kikawa kinasogea mdomoni mwa mtoto. Mke akainuka, akakitoa kijiko mkononi mwa mama mkwe wake, mikono yake ikiwa bado na povu, akakitumbukiza kwenye beseni, akamchukua mtoto akaingia ndani.

Usiku ule mume alimfuata chumbani akamwambia amemvunjia heshima mbele ya kaka zake. Mke akamuuliza, "Wewe ulikuwa wapi?" Naye akadhani anaulizwa alikuwa amekaa sehemu gani, akajibu kwamba alikuwa pale pale, si alimwona. Walikuwa wamepanga kukaa hadi tarehe 2 Januari. Tarehe 28 walipanda basi. Hawakusemezana mpaka Korogwe, na Korogwe walichosemezana ni chai ya mtoto.

Tulipowaita tuliwasikiliza kila mmoja peke yake, kisha mume wangu akampigia bibi simu. Mke alisema ameonekana jeuri kwa kumlinda mwanawe. Mume alisema hana ubaya na mke wake, ila hajui sasa atarudi vipi kwao. Bibi, baada ya salamu na kuulizia afya zetu, alisema neno ambalo mume wangu alilirudia mara mbili baada ya kukata simu: "Mkwe wangu amenifanya mchawi mbele ya watu. Nimelea watoto saba, sikuzika hata mmoja."

Naomba tulitazame neno hilo kwa heshima. Kumnyang'anya mwanamke mzee chakula anachomlisha mjukuu wake hadharani, katika kijiji ambako siku chache tu kabla yake limetajwa jicho, ni kusema kitu kizito hata kama hukufungua mdomo. Mke hakukusudia hivyo, na bibi alikuwa na haki ya kuumia.

Na mke naye alikuwa sahihi kuhusu asali. Wazazi wengi hawajaelezwa sababu, wameambiwa tu "hapana". Asali inaweza kubeba mbegu za bakteria anayeitwa Clostridium botulinum. Tumbo la mtu mzima au la mtoto mkubwa linazimudu. Utumbo wa mtoto ambaye hajatimiza mwaka haujakomaa, na mbegu hizo zinaweza kuota humo na kutoa sumu inayolegeza misuli: choo kinagoma, kilio kinafifia, kunyonya kunakuwa kwa shida, shingo inalegea, na ikizidi hata kupumua kunashindikana. Ni ugonjwa wa nadra, ndiyo maana mtu anaweza kulea saba na asiuone. Kuichanganya kwenye uji wa moto hakusaidii, kwa sababu moto wa jikoni hauziui mbegu zile. Akishapita mwaka mmoja, kijiko cha asali kwa kikohozi ni dawa nzuri tu. Maana yake ni kwamba jioni ile ile, kwenye uani ule ule, msichana wa miaka mitatu ambaye naye alikuwa anakohoa angeweza kupewa asali ya bibi na kila mtu akafurahi. Hakuwepo wa kuyapanga maneno hayo.

Au alikuwepo, ila hakujua kwamba ni kazi yake.

Wengi waliokisikia kisa hiki walikiita ugomvi wa mkwe na mama mkwe. Wakwe zangu wawili walikiita hivyo, na rafiki yangu mmoja alishauri mke aache kwenda Rombo hadi watoto wakue. Siafiki. Mke na bibi walikuwa wanawake wawili wanaomjali mtoto mmoja, kila mmoja na elimu yake, hawana lugha ya pamoja ya kubishania. Mtu pekee aliyekuwa na lugha zote mbili alikuwa amekaa kwenye kigoda anacheka.

Nawajua hawa vijana nyumbani kwao. Kimara, mume huyu huogesha watoto. Jumamosi hupika uji. Mdogo alipokuwa na homa ya chanjo alilala naye kifuani kwenye kochi hadi asubuhi, nilimkuta hivyo kwa macho yangu nilipowapelekea mtori. Basi tukamuuliza: tangu uteremke Mkuu hadi mlipopanda basi kurudi, ulimbadilisha mtoto mara ngapi? Akanyamaza, akahesabu kichwani, akasema hakumbadilisha. Ulimlaza? Hapana. Ulimlisha? Hapana. Hakuwa ameamua iwe hivyo. Alifika kwao, akapokelewa kama mtoto wa nyumbani, akapewa kigoda chake cha siku zote kati ya kaka zake, mama yake akamletea chakula kwanza. Ubaba aliuacha Mkuu stendi pamoja na uchovu wa basi. Akasema maneno ya kweli, nami namheshimu kwa kuyasema: "Matroni, nikishika beseni la nepi pale, kaka zangu watanicheka mpaka Pasaka."

Na kulikuwa na jambo jingine chini yake. Tulipomuuliza kama alijua habari ya asali, alisema alisikia mke akisema siku moja, hakuitilia maanani. Kliniki hakuwahi kukaa kwenye benchi akasikia muuguzi akifundisha. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa mama siku 84 za likizo ya uzazi kwa mtoto mmoja, na baba siku tatu. Simtetei kwa sheria hiyo, maana kliniki ni suala la asubuhi moja tu. Lakini ukimpa mmoja miezi karibu mitatu ya kumsoma mtoto na mwingine siku tatu, usishangae wakifika ugenini mmoja ndiye ajuaye kila kitu na mwingine anasubiri kuambiwa. Mjini pengo hilo linazibwa na dada wa kazi, na jirani, na kwamba nyumba ni ndogo na kila kitu kiko mbele ya macho. Rombo halikuwa na cha kulizibia.

Kwa hiyo alichoulizwa na mke usiku ule, "wewe ulikuwa wapi?", ndicho tulichokifanyia kazi.

La kwanza tulilowaomba ni radhi. Tulimwomba mke ampigie bibi simu aombe radhi kwa namna alivyokitoa kijiko, si kwa kukataa asali. Alilia kidogo kabla ya kukubali, akasema ataonekana amekubali kosa. Mume wangu akamwambia kuna mkono na kuna asali. Omba radhi ya mkono. Alipiga mbele yetu. "Shikamoo mama. Mama, naomba unisamehe, sikupaswa kukupokonya mbele ya watu." Bibi alinyamaza kwa muda, kisha akauliza mtoto anaendeleaje na kifua. Baadaye kwenye mazungumzo akasema, "Mngeniambia tu."

Hakuna aliyemwambia kwa sababu hapakuwa na wa kumwambia isipokuwa mwanawe. Pasaka mume alikwenda Rombo peke yake, na sukari na khanga, akakaa na mama yake jikoni wakaongea Kichagga. Alimweleza kwamba kliniki za siku hizi zimebadilika, kwamba asali inangoja mwaka mmoja, na kwamba watoto wake wana saa yao ya kulala ambayo daktari anaitaka iheshimiwe hata sikukuu. Hapo nakiri daktari alitajwa zaidi ya inavyostahili, maana aliyeitaka ni mama yao. Nilimwachia. Mtoto wa kiume akimletea mama yake taarifa ya daktari, mama anaipokea kama habari ya nyumbani kwake. Mkwe akiileta hiyo hiyo, inasikika kama hukumu.

Tukamtaka pia aijue habari yenyewe badala ya kuibeba kwa niaba ya mtu. Mtoto alipofikisha miezi 18, aliyempeleka kwenye chanjo ya pili ya surua na rubela ni baba. Aliomba ruhusa ya nusu siku kazini, akakaa kwenye benchi na akina mama, akarudi na kadi na maswali yake mwenyewe. Mke aliniambia jambo hilo kwa furaha kubwa kuliko zawadi yoyote niliyowahi kusikia amepewa.

Safari ya Desemba 2024 waliipanga upya. Kulikuwa na wazo la basi la usiku, kwa kuwa serikali iliruhusu tena mabasi kusafiri saa 24 tangu Oktoba 2023, na hoja ilikuwa kwamba watoto watalala njiani. Nililipinga. Msimu ule madereva wanazungushwa safari juu ya safari, na mtoto anayepakatwa hana mkanda. Nisingelala mimi Kimara wakiwa barabarani saa nane za usiku. Waliondoka tarehe 16 badala ya 22, wakashuka Korogwe, wakalala gesti, watoto wakaoga na kukimbia uani, kesho yake wakaendelea. Ingewagharimu zaidi kama wasingepunguza mahali. Walipunguza kwenye mchango wa rangi ya nyumba, na mume ndiye aliyewaeleza kaka zake, akasema wazi kwamba mwaka huu fedha ile imelaza watoto Korogwe. Kaka mkubwa alinuna. Tarehe 22 mpango huo usingewezekana, kwa sababu hakuna basi la Rombo linalopita Korogwe na viti vitupu siku hiyo.

Kufika mapema kuliwapa pia uchaguzi wa chumba. Bibi mwenyewe aliwapa kile cha nyuma, kilicho mbali na sebule. Saa mbili usiku baba aliwachukua wadogo wawili akawanawisha, akawalaza, akakaa nao gizani hadi usingizi ukawapitia. Usiku wa kwanza kaka zake walimwita "mama watoto" kwa kicheko. Usiku wa pili vilevile. Aliendelea. Kabla ya Krismasi yule wa mwisho, mwenye mtoto wa miaka miwili, alianza kuingia naye chumba kile kile na mwanawe. Mkubwa anacheka mpaka leo. Na bibi, ambaye tulidhani ndiye kikwazo, akawa ndiye mlinzi wa usingizi: mgeni akipandisha sauti sebuleni, anamwambia watoto wa fulani wamelala, daktari kasema.

Si kila kitu kilikwenda sawa. Mkesha wa Krismasi watoto walikwenda misa ya usiku na ratiba ikavunjika, wakalala saa saba. Mke alikasirika, kisha akaniambia kwamba kumwona msichana wake ameshika mkono wa bibi kanisani, anasinzia wima na hataki kukaa, kulimtosha. Usiku mmoja aliuachia sikukuu. Msichana huyo huyo tarehe 27 aliharisha. Mwaka uliotangulia wangebishana kuhusu dawa. Safari hii baba alitoa ORS na zinki walizobeba, akachanganya ORS kwa kipimo cha maji safi kilichoandikwa kwenye pakiti, akampa kidogo kidogo, na asubuhi akampeleka zahanati yeye mwenyewe. Mke alibaki anamenya ndizi.

Hapo kwenye ndizi ndipo pasipobadilika. Bado wake ndio wanaoamka saa kumi na moja, bado karai ni lile lile. Nilimuuliza kama halimuumizi. Alisema kumenya ndizi na mashemeji zake, wanapiga soga, hakujawahi kumwelemea. Kilichomwelemea ni kumenya ndizi huku amebeba mtoto anayelia ambaye baba yake yuko hatua kumi. Mimi nadhani kazi ile ingegawanywa, nami nimemwambia hivyo. Lakini hicho ndicho alichosema, na ni siku yake, si yangu.

Ushauri wa rafiki yangu, ule wa kukaa Dar hadi watoto wakue, aliyeukataa kwa nguvu zaidi ni mke mwenyewe, hata Januari ile ya kwanza akiwa na hasira zake zote. Sababu ilikuwa mvulana wao wa kwanza. Mwaka wote wa 2023 mtoto yule alikuwa wa katuni na geti lililofungwa. Rombo alikata majani ya ng'ombe na binamu zake, akajua kila ng'ombe anaitwaje, akajifunza kusalimia kwa Kichagga, akaoneshwa kaburi la babu anayeitwa kwa jina lake. Wazazi wakiwa hawasemezani ndani ya basi, yeye alikuwa anauliza wanarudi lini. Kwa mtoto wa miaka sita ile ilikuwa likizo bora ya maisha yake. Kwa mdogo wake wa miezi tisa, nyumba ile ile, wiki ile ile, ilikuwa mateso. Wazazi wengi hupanga safari kana kwamba watoto ni kundi moja. Hawa wawili walikuwa na mahitaji yanayopingana kabisa, na baba ndiye angeweza kumwachia mmoja uwanja na kumfungia mwingine mlango.

Limebaki suala la Songea, nalo halijaisha. Bibi wa upande wa mama hajamwona mjukuu wa tatu isipokuwa kwa simu ya video. Krismasi zote tangu wafunge ndoa zimekwenda Rombo, na mume alipoambiwa hivyo alishtuka kwa dhati, hakuwahi kuhesabu. Wamekubaliana kwenda Songea likizo ya Juni. Ni zaidi ya kilomita 900, kupitia Iringa na Njombe, na Juni huko baridi ni kali. Nimeshawaambia wanunue masweta kabla hawajaondoka. Watalala Iringa. Watoto wanangojea tembo wa Mikumi dirishani.

Mke ameniuliza swali ambalo sikulitarajia kwake. Ameniambia huko yeye ndiye atakayepewa kigoda na kuletewa chakula kwanza, na mume ndiye atakayekuwa mgeni asiyejua Kingoni wala choo kiliko. Mama yake ana dawa zake za mizizi za kikohozi, na ana maoni yake kuhusu mwanaume anayeogesha watoto. Nilimuuliza atamwambia nani, na lini. Akasema ataanza kwa simu, Aprili, kabla hawajakata tiketi.